Siku Niliyomwita Baba Fundi

Mafuta yanayovuja kwenye shoki za buti la gari yana harufu yake peke yake. Si petroli, si dizeli, si grisi. Ni harufu nyembamba, chungu kidogo, kama ya cherehani iliyotiwa mafuta mengi ikaachwa juani. Juzi juzi alikuja fundi hapa kwangu Kisauni kunibadilishia shoki za gari, maana mlango wa nyuma ulikuwa umeanza tabia ya kumwangukia kila anayeinama kutoa kikapu cha sokoni. Alizichomoa zile za zamani, akanipa nizishike. "Tazama mama, hizi zimekufa kabisa." Nikazitazama. Mafuta meusi yakanipaka vidoleni na ile harufu ikanipanda puani. Nikamrudishia vyuma vyake, nikaingia jikoni nikijifanya nimeacha chai motoni. Sikuwa nimeacha chai.

Nimekaa siku kadhaa nikijiuliza kama niwaambie au ninyamaze. Nikisimulia utoto wangu wa Mtongwe, kwa kawaida mimi ndiye mwenye akili, na wenzangu ndio wanaotumbukia matopeni. Leo haiko hivyo. Nawaomba msinitafutie udhuru. Nimeutafuta mwenyewe miaka yote hii sikuupata.

Baba alikuwa dereva. Alimwendesha meneja wa kiwanda kimoja cha Changamwe, katika gari kubwa jeupe la Kijapani, refu la nyuma, lenye matairi yaliyonifika kiunoni. Mtaa mzima tuliliita jipu. Meneja alikuwa mtu wa bara, na Ijumaa nyingi alipanda ndege kwenda kwa jamaa zake. Gari likabaki mikononi mwa Baba hadi Jumatatu asubuhi. Alivuka nalo feri polepole, akaliegesha uani kwetu kando ya banda la kuku, kisha akalifunika kioo cha mbele kwa leso ya Mama ili kuku wasije wakajiona humo wakaanza kupigana. Wallahi hilo lilishatokea.

Hakulitumia kwa mambo yake. Mgonjwa akizidiwa mtaani alimpeleka hospitali, basi. Ila Jumatatu, kwa kuwa njia yake ya kwenda feri ilipita mbele ya shule yetu, alinipakia mbele na kuniteremsha langoni. Jumatatu Baba alikuwa mtu mwingine. Kiwanda kilimtaka avae shati jeupe na tai, naye akaongeza miwani myeusi kwa sababu ya jua la asubuhi. Nilishuka, nikafunga mlango taratibu kama nilivyofundishwa, na jipu likaondoka likiacha vumbi la heshima.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Rafiki yangu mkubwa aliitwa Rukia. Kwao walikaa nyumba ya mawe yenye lango la chuma, upande wa barabara kuu, na baba yake alikuwa na kazi ya ofisini bandarini. Rukia hakuwa na maringo hata kidogo. Laiti angekuwa nayo, leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Jumatatu moja aliniuliza, kwa wema tu, "Baba'ko ndiye mwenye gari lile?" Nikasema, "Ndiye."

Uongo wa neno moja. Lakini uongo ule ulitaka kulishwa, nami nikaulisha. Wiki hiyo Baba alipata ofisi. Wiki iliyofuata ofisi ilipata kiyoyozi. Kabla ya likizo ya Agosti nilikuwa nimeshamwajiri katibu wake, mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu, niliyempa jina Bi Salma, na Rukia kila mara akaniuliza habari zake: Bi Salma hajambo? Bi Salma ameshapona mafua? Nikamjibu amepona, anakusalimu. Usiku nililala usingizi mzuri kabisa. Mtoto anayedanganya vizuri hulala vizuri, msidanganywe na wanaosema vinginevyo.

Sasa niwaeleze ule mlango, kwa maana pasipo mlango hakuna kisa. Haukufunguka kwa ubavu kama wa nyumba. Ulinyanyuka kwenda juu mzima mzima, na kioo chake, ukasimama hewani kama paa la kibanda. Kilichousimamisha ni vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande, vyenye gesi ndani yake. Hizo ndizo shoki. Zilipokuwa nzima, Baba aligusa komeo tu na mlango ukapanda wenyewe ukivuta pumzi, fsss, na watoto wa jirani wakaomba aurudie. Lakini gesi huisha kama kila kitu. Mlango ukaanza kuwa mzito kupanda, kisha ukawa unapanda na kusinzia, unashuka kidogo kidogo huku mtu ameinama chini yake. Mama alisema mlango umeshakuwa kizee, unataka kulala kila wakati. Tulicheka sana, mpaka siku ulipomlalia meneja.

Alikuwa uwanja wa ndege, amejipinda kutoa begi lake, na ukingo wa mlango ukamgonga upara. Baba alitusimulia jioni ile akiwa bado na jasho. Meneja hakugomba. Alijishika kichwa, akamtazama Baba, akachukua begi akaenda zake. "Afadhali angenitukana," alisema Baba. Kiwandani walikuwapo madereva wengine wawili waliokuwa wakiutamani usukani ule, na wote wawili walijua kusema Kiingereza. Basi Baba akajitolea kuzibadilisha shoki yeye mwenyewe, nyumbani, Jumamosi, ili meneja akirudi Jumatatu akute mlango unapanda kama zamani. Alizipata shoki nzima kwa wauza vipuri wa Changamwe, kutoka kwenye gari la aina ile ile lililogongwa mbele. Alikuja nazo zimefungwa gazeti, akaziweka juu ya kabati kana kwamba ni tambi za Idi.

Jumamosi hiyo Mama alikwenda matangani kwa jirani tangu asubuhi na mdogo wangu mgongoni. Baba alivaa kikoi chakavu na fulana iliyotoboka kwapani, akatandaza gunia mchangani, akapanga juu yake bisibisi, koleo, kitambaa na kopo la grisi. Kisha akaniita.

"Saumu!"

"Abee, Baba."

Kwetu hivyo ndivyo mtoto wa kike alivyoitika, na Baba, ambaye katika mengi alikuwa mpole hadi Mama akamkasirikia, katika hilo hakuwa na mchezo. Hakutaka kuita mara mbili. "Nikikuita, niitikie kwanza," alizoea kusema. "Sababu utanipa baadaye." Hata ukiwa chooni uliitika. Hata ukiwa umenuna uliitika, ukanuna baada ya hapo.

"Ndoo hapa, mwanangu. Leo wewe ndiwe fundi mkubwa, mimi ni msaidizi wako."

Akaufungua mlango, akaunyanyua kwa mikono hadi juu, akautegemeza kwa mchi. Ndiyo, mchi wa kutwangia, ule mrefu wa Mama. Ncha ya juu aliifunga kitambaa isije ikakwaruza rangi, na ncha ya chini akaisimika mchangani nyuma ya bampa. Tatizo ni mchanga wa kwetu. Ni laini, haushiki kitu, na mchi ulikuwa ukizama na kuinama kila Baba alipoutikisa mlango. Ndiyo maana akanihitaji. Kazi yangu ilikuwa kuukumbatia ule mchi kwa mikono miwili, nikiusukuma usilale, basi.

"Shika hapa, wala usiwate mpaka nikwambie. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Fundi mwingine angetoa shoki moja, akaweka mpya, ndipo akageukia ya pili. Baba alizitoa zote mbili kwanza. Alisema zilikuwa hazishiki chochote, ni mapambo tu, na alitaka kuvisafisha vizuri vile vichwa vya duara ambavyo shoki hudakia juu yake. Hivyo mlango wote ule, na kioo chake, ukawa umesimama kwa mchi, na mchi umesimama kwangu mimi. Nililijua hilo. Nililijua vizuri, na nilifurahi. Nakumbuka ubaridi wa mchi shavuni kwangu, na harufu ya mpunga wa zamani ndani ya mti wake, na Baba akinieleza alichokuwa akifanya kana kwamba kweli nilikuwa mkubwa wake. Hiki kijichuma kilichopinda ndicho kinachoibana shoki. Unakiinua kwa bisibisi, hivi, kisiruke kikakuingia machoni. Sasa vuta. Umeona? Imetoka kama jino la mtoto. Akanipa niinuse. Nikakunja uso, akacheka.

Alikuwa ameinama ndani ya buti, kiwiliwili chote chini ya mlango, akiibana ile shoki mpya ya kwanza kwa chini, niliposikia sauti nje ya ua wa makuti.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Niliijua ile sauti kabla sijageuka. Rukia alikuwa amesimama penye uwazi wa ua, kavaa gauni la buluu na buibui lake dogo, na mkononi kashika atlasi yangu aliyoiazima kabla ya shule kufungwa. Alikuwa ameuliza njia kwa watu hadi akanifikia. Alitabasamu kwa meno yote.

"Kumbe ndipo kwenu hapa!"

Sikuitikia hodi. Nilimwona akiitazama nyumba yetu ya udongo na paa lake lililobanduka pembeni, na kuku, na kamba ya nguo. Kisha macho yake yakafika kwenye jipu, yakatulia, kama kwamba sasa amepata kitu anachokijua. Na baada ya jipu akamwona mtu aliyeinama ndani yake, miguu mikavu yenye vumbi, kikoi kimepanda magotini, fulana yenye tundu.

"Na yule ni nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyenishika koo. Ningeweza kusema "Baba," na Rukia ninayemjua mimi angesema "Aa," na ingekuwa imekwisha, na Bi Salma na kucha zake angekufa kifo cha haki. Badala yake nikasema, tena kwa sauti ya kutosha kusikika:

"Ni fundi. Anatutengenezea gari."

Kisha nikauacha mchi. Sikuusahau, nauambia umma. Niliuacha, kwa sababu mtoto wa mwenye gari hawezi kuonekana amekumbatia mchi akimshikia fundi mlango. Nilipiga hatua tatu nne kumwendea Rukia, nikapangusa mikono kwenye gauni, nikasimama kama mtu aliyekuwa akipunga upepo tu.

"Saumu," aliita Baba kutoka ndani ya buti. Hakupaza sauti.

Mwili wangu wote ulitaka kuitika. Neno lilishafika kwenye ulimi. Lakini niliona kuwa nikiitika "Abee" kwa fundi, kwa wepesi ule ninaoitikia nao siku zote, Rukia atajua. Msichana wa kwetu humwitikia hivyo mkubwa yeyote, najua, lakini mimi nilihisi neno lile lina sura ya Baba, kwamba likinitoka kinywani litatoka na yeye. Nikanyamaza. Rukia akanitazama akishangaa, maana yeye alilelewa vizuri, na hajawahi kumwona mtu akiitwa asiitike.

"Saumu. Mchi, mwanangu."

Mara ya pili. Niligeuza kichwa nikauona mchi unavyokwenda. Haukuanguka ghafla. Uliinama taratibu, mchanga ukimwagika pembeni mwa ncha yake, na nilikuwa na muda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa na muda. Hatua nne tu. Nikasimama pale pale nikiutazama.

Mlango ulishuka kwa kishindo kimoja. Lile komeo la chuma, ulimi wake mnene, lilimpata Baba begani upande wa kulia, karibu na mfupa wa mtulinga, likamkandamiza kwenye ukingo wa bampa. Kuku walitawanyika. Baba alitoa sauti mara moja tu, fupi, kama mtu aliyepaliwa na maji.

Aliyekimbia ni Rukia. Aliitupa atlasi mchangani, akaingia chini ya ule ukingo, akausukuma mlango juu kwa mgongo wake mdogo huku akinipigia kelele, "Saumu, njoo! Njoo ushike!" Hapo ndipo miguu yangu ikarudi. Tuliunyanyua sote wawili, na Baba akajitoa polepole, akakaa kwenye gunia katikati ya bisibisi na koleo zake. Uso wake ulikuwa umekauka rangi. Mkono wa kulia aliushikilia kwa wa kushoto.

"Pole, ami! Pole sana! Umeumia?"

"Haba tu, mwanangu. Haba tu."

Na Rukia, katika ghasia ile yote, akakumbuka kuwa hajamwamkia mtu mzima. "Shikamoo, ami," akasema, akapiga goti mchangani na gauni lake la buluu ili abusu mkono. Baba akatazama viganja vyake vilivyojaa grisi. Hakuwa na mkono wa kumpa. Akageuza ule wa kushoto, akamnyoshea kifundo cha mkono kama wafanyavyo watu walio katikati ya chakula, na Rukia akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso wake.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akukuze."

Ndipo akanitazama mimi. Nilingoja kofi, au jina langu kwa sauti ya juu, au, kilichonitisha kuliko kofi, aseme "Huyu ni binti yangu." Alinitazama kidogo, akapumua. Kisha akasema kwa ile sauti ya Jumatatu, sauti niliyomsikia akiitumia kumfungulia meneja mlango:

"Bibi mdogo, mwambie baba'ko gari litakuwa tayari kabla ya alasiri, inshallah."

Bibi mdogo. Ndivyo mtumishi anavyomwita binti wa bwana wake. Nikatikisa kichwa, hivyo hivyo tu, kama mtu anayempa ruhusa.

Nilimsindikiza Rukia hadi barabarani kama desturi ilivyo, naye akazungumza njia nzima juu ya fundi wetu, maskini, alivyo na adabu, na kwamba lazima apelekwe hospitali. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo. Niliporudi nilikuta Baba ameusimika mchi mwenyewe, ameegemeza jiwe kwenye ncha yake, na anaibana shoki ya pili kwa mkono wa kushoto. Nilisimama kando. Hakuniita. Nikausogelea mchi nikaukumbatia, na tukamaliza kazi yote bila neno. Mwisho akauvuta mlango chini, ukafunga, akagusa komeo. Ukapanda wenyewe. Fsss. Siku nyingine angeniambia niujaribu mimi, mara tatu au nne, mpaka nichoke. Siku ile aliufunga akakusanya vyombo.

Sikumwomba msamaha. Nilidhani nitamwomba jioni. Jioni Mama alirudi akamwona anavyokaa upande, akauliza amefanya nini.

"Mchi uliteleza," alisema Baba.

Ikawa ndiyo hadithi yetu. Mama alimchua kwa mafuta ya nazi ya moto akilaumu mchanga, akilaumu mchi, akimlaumu meneja na upara wake. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mchele ambao haukuwa na hata punje moja ya jiwe.

Shule zilipofunguliwa, Rukia alinijia na chupa ndogo ya dawa ya kuchua, ile kali ya kutoa machozi, imefungwa kwa karatasi. "Mama amenipa nikupe umpatie yule fundi wenu. Nilimsimulia, akasikitika sana." Niliichukua. Nilishinda nayo kwenye mkoba siku nzima ikinuka. Kumpa Baba ilikuwa lazima nimwambie imetoka kwa nani na imetumwa kwa nani. Nilipofika nyumbani nilimkuta anajaribu kuvua shati la kazi kwa mkono mmoja. Nikapita, nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikachimba kwa kigae, nikaizika chupa ile ikiwa imejaa.

Gari alibaki nalo, alhamdulillahi. Wiki mbili tatu aliendesha akizungusha usukani na kubadilisha gia kwa mkono ule ule wa kushoto na kumficha meneja maumivu, na mlango wa nyuma ukapanda vizuri mbele ya kila mtu. Lakini bega halikurudi. Tangu hapo, kila alipoinua mikono kuhirimia Sala, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia uliishia kifuani. Mara tano kwa siku, miaka yote niliyokaa nyumbani kwake. Watu wa msikitini walidhani ndivyo alivyofundishwa. Mimi nilijizoesha kutoka nje akianza kuswali.

Na uongo wangu? Haukugunduliwa. Najua mnangoja aibu ije inishike mbele ya darasa, na mimi niliingoja, hata kuna siku niliitamani. Meneja alihamishwa, jipu likaondoka naye, nikamwambia Rukia Baba ameliuza. Bi Salma naye nikamwozesha mume wa Malindi. Hivyo tu, kila kitu kikafa kitandani kwa amani.

Kwa muda mrefu niliamini lile neno, bibi mdogo, lilikuwa adhabu. Niliamini Baba alichagua kunichoma kwa ulimi kwa kuwa mkono haukuweza. Hata nilimkasirikia kwa siri, mtanicheka, nikaona angenipiga tu yaishe. Ilinibidi niwe na binti wangu mwenyewe, na siku moja nimsikie akiwadanganya wenzake uani mambo ya ajabu juu yangu, ndipo nijue. Nilikuwa nyuma ya dirisha. Ningeweza kutokeza na kumuumbua. Nilijikuta natembea kwa vidole vya miguu nisije nikamvunjia uongo wake mbele ya watoto wale. Nikakaa chini jikoni nikajifunika uso kwa kanga. Baba alinifanyia hivyo akiwa na bega lililovunjika.

Binti alikuja baadaye. Kabla yake, siku nilipoolewa, nilikuwa nimepata nafasi yangu. Kwetu bibi harusi huingia kwa wazazi wake kuomba radhi kabla ya nikaha. Asubuhi ile nilimkuta Baba peke yake chumbani, amekaa kwenye mkeka na kanzu yake mpya, kofia ikiwa bado mkononi. Nilipiga magoti nikasema maneno tuliyofunzwa, kwamba aniwie radhi kwa yote niliyomkosea, ninayoyajua na nisiyoyajua.

"Unayoyajua," alisema, akitabasamu. "Kama yapi?"

Nilimtajia mtungi niliouvunja na kumsingizia paka. Nilimtajia barua ya mvulana ambayo yeye mwenyewe aliiokota kwenye kitabu changu cha sekondari. Nilimtajia siku niliyomjibu Mama vibaya. Alicheka kwa kila moja, akitikisa kichwa. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia sana, akasubiri.

"Ni hayo tu?"

Nje shangazi zangu walikuwa wanaita nitoke, marashi yameshamwagwa. Alikuwa ananipa nafasi, na nilijua. Nilijua kama nilivyojua siku ile kwamba mchi unainama.

"Ni hayo tu, Baba."

Akavaa kofia yake.

"Basi kwa hayo," alisema, "nimekuwia radhi."

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila Ijumaa nilikwenda Mtongwe kumwamkia, tukanywa kahawa, na kila Ijumaa tulizungumza mengine.